Tairi Lililotoboka Litakaa Wapi?

Ukiendesha gari la viti viwili lenye paa la kukunja kutoka Dar kwenda Mbeya, kila kituo cha mafuta utaulizwa bei yake. Hilo nimelizoea, nalipangua kwa utani na safari inaendelea. Swali la pili huja kutoka kwa watu wa aina moja tu, madereva wa malori ya Tunduma. Wanalizunguka gari taratibu, kikombe cha chai mkononi, wanatazama matairi, wanainama kidogo upande wa nyuma, halafu wanauliza: "Mzee, spea iko wapi?"

Haipo. Na tangu gari linatoka kiwandani haikuwepo.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster ya kizazi cha tatu, kile kilichoingia sokoni 2005, ambacho nje ya Japani kinajulikana zaidi kwa jina la MX-5. Limeletwa kwa meli likiwa limeshatumika, usukani kulia, kama yalivyoletwa magari mengi unayoyaona barabarani kwetu. Buti lake lina ujazo wa lita 150. Mabegi mawili laini yanaingia vizuri, sanduku gumu la magurudumu haliingii hata kwa maombi. Chini ya zulia la buti, mahali ambapo Mtanzania yeyote angetegemea kukuta tairi, kuna chupa ya dawa ya kuzibia pancha na pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Basi.

Kaka zake wakubwa hawakuwa hivi. Roadster ya kwanza, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989, ilibeba tairi jembamba la akiba ndani ya buti pamoja na betri, na vitu hivyo viwili vilimaliza nusu ya nafasi. Kizazi cha pili, cha 1998, kilivishusha vyote chini ya sakafu ya buti ili uzito ukae chini na mabegi yapate pa kulala. Kilipokuja cha tatu, betri ikahamishiwa mbele kwenye injini, na spea ikaondolewa kabisa. Ukiwa mhandisi unayepigania kila kilo ili gari libaki jepesi, lenye uzito uliogawanyika sawa mbele na nyuma, uamuzi huo unaeleweka. Tairi jembamba na rimu yake ni kilo kumi na kitu, ukiweka jeki na wili spana zinaongezeka, na mwenye gari wa Hiroshima au London akipata pancha anapiga simu, gari la kuvuta linakuja. Aliyekuwa akichora buti lile hakuwa anafikiria mlima wa Kitonga.

Wenzao nao kila mmoja alihangaika kivyake. Mercedes SLK ya 1996 ilikuwa na paa la chuma linalojikunja na kuingia ndani ya buti, kwa hiyo buti la lita 348 likawa la lita 145 kila ukitaka jua. Wao wakaweka tairi la akiba lililokunjamana, ambalo unalijaza upepo palepale unapolihitaji. BMW Z4 ya kwanza ikaja na matairi yenye ubavu mgumu, yanayoweza kutembea bila upepo kwa makumi kadhaa ya kilomita ukienda polepole. Porsche Boxster ya kwanza ilificha spea nyembamba mbele, chini ya boneti. Morgan za Uingereza kwa miaka mingi zilibeba spea nje kabisa, mgongoni, bila aibu, na mpaka leo naona hao ndio waliokuwa wakweli kuliko wote.

Tena kuanza safari bila spea hakukuanza juzi. Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa nayo. Ukipata pancha ulikaa kando ya njia ukaling'oa tairi kwenye gurudumu, ukaziba mpira, ukarudishia, ukajaza kwa mkono. Ndipo mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies akaja na rimu isiyo na spoku yenye tairi lililokwisha jazwa upepo, ambayo uliibana kwa vishikizo ubavuni mwa gurudumu lililopata pancha na kuendelea na safari. Wale waliokuwa wakiendesha magari ya wazi enzi hizo, maana mengi yalikuwa ya wazi, walikuwa na faida moja ambayo sisi hatuna: gurudumu lililoharibika lilibaki palepale lilipo. Hakuna aliyelazimika kulitafutia pa kukaa.

Hapo ndipo penye kazi. Watu wanapobishana kuhusu spea kwenye magari haya wanabishana pa kuibeba. Miguuni mwa abiria? Juu ya buti? Nyuma ya viti? Sawa, tuseme umepata. Sasa umepata pancha, umepiga jeki, umefunga spea yako nyembamba yenye upana wa sentimita 12 na nusu. Mkononi umebaki na gurudumu kamili, upana sentimita 20 na ushee, kipenyo zaidi ya sentimita 60, lina vumbi, lina moto, lina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Pale ilipotoka spea haliingii. Mabegi yapo butini. Mke wako yupo kwenye kiti. Ukiliacha porini umeacha na rimu, na seti yako ya rimu nne imekwisha kuwa ya tatu.

Nimelipima langu. Buti likiwa tupu kabisa, gurudumu linaingia lakini kifuniko hakishiki kitasa, kinabaki wazi kama vidole vinne. Kamba ya katani inamaliza tatizo hilo, na kwetu hakuna trafiki atakayeshangaa buti lililofungwa kwa kamba. Lakini mabegi yaliyokuwemo humo yanahamia mapajani mwa abiria, na abiria wangu ana msimamo wake kuhusu jambo hilo.

Kabla ya kuhangaika na pa kubeba, kwanza nijiulize ni pancha gani ninayoiogopa.

Ya msumari siiogopi hata kidogo. Katika nchi hii msumari ndio ugonjwa wenye waganga wengi kuliko wote. Ukiona tairi chakavu limesimamishwa kando ya barabara, limeandikwa PANCHA kwa chokaa, umefika. Na hata kama hujafika, tairi la tubulesi lililotobolewa kwenye kashata, yaani sehemu inayokanyaga lami, unaweza kuliziba mwenyewe bila kulivua: unautoa msumari kwa koleo, unalikwangua tundu kwa chuma chenye meno, unasukumiza kamba ya mpira yenye gundi, unakata kinachobaki nje, unajaza upepo kwa ile pampu ndogo. Vifaa vyote vinaingia kwenye mfuko wa kitambaa usiozidi kiatu. Ile dawa ya chupa sijaigusa. Kwanza ina tarehe ya kwisha, na gari likishazunguka minada ya Japani na kukaa bandarini, tarehe hiyo mara nyingi imepita zamani. Pili, fundi pancha akifungua tairi akakuta limejaa ule uji mweupe, anakutoza kazi ya kusafisha na lawama juu yake.

Ninayoiogopa ni ya ubavu. Ubavu ukipasuka, kamba haishiki, dawa haizibi, na fundi mwenye akili hatakuzibia hata ukimlipa mara mbili. Na barabara ya Dar–Mbeya inajua kuchana ubavu. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, yanaacha nyuma vipande vya matairi yaliyopasuka, na ndani ya vipande hivyo kuna nyaya za chuma. Kingo za lami zimelika mahali ambapo watu hupishana. Matuta mengine yamechorwa, mengine unayajua ukishafika. Tairi la gari la michezo lina ubavu mfupi, hivyo likiingia shimoni mpira hauna pa kujikunja. Unabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, na hapo hukatika kama kwa mkasi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kukosa spea, kwa maoni yangu, ni kuongeza ubavu. Gari langu lilikuja na rimu za inchi 17 zenye matairi ya 205/45, yaani upana milimita 205 na ubavu asilimia 45 ya upana huo. Nimeziuza, nikaweka rimu za inchi 16 na matairi ya 205/55. Mahesabu ni mepesi: asilimia 55 ya 205 ni karibu milimita 113, mara mbili ni 226, ongeza inchi 16 ambazo ni milimita 406, unapata kipenyo cha 632. Kiwandani, rimu ya 16 ilitoka na tairi la 205/50, yaani 611. Langu limezidi kwa kama asilimia 3. Halisugui popote, gari limenyanyuka sentimita moja, na spidomita inadanganya kidogo kwa upande mbaya: ikisema 50, matairi yanakwenda karibu na 52. Mwenye kuijua tochi ya trafiki ya kupimia mwendo inavyosubiri mwisho wa kila kijiji atajua kwa nini napita vijijini na 45. Faida nyingine ni kwamba 205/55R16 ni saizi ya magari ya kawaida. Iringa unaipata, Mbeya unaipata. Ile ya 17 ungeagiza Dar na kusubiri.

Wapo wanaosema nifunge matairi yenye ubavu mgumu kama ya Z4 na nisahau habari ya spea. Nimepanda gari lililofungwa hayo, na kila tuta lilifika mpaka kwenye meno. Siyataki.

Baada ya hapo ndipo nikatafuta spea nyembamba. Gari langu lina matundu matano ya nati, yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, na hapo kwa mtazamo wa kwanza unadhani umeokoka, kwa sababu nusu ya magari ya Dar yana kipimo hichohicho: Harrier, Mark X, RAV4, X-Trail. Tatizo lipo katikati. Habu ya Mazda hii, yaani kile kitovu ambacho rimu inavishwa, inahitaji tundu la milimita 67.1. Rimu ya Toyota ina tundu la 60.1, nati zinalingana kabisa lakini gurudumu haliingii hata kidogo. Ya Nissan ni 66.1, na hii ndiyo inayotesa watu, kwa sababu kwa macho inaingia. Milimita moja. Muuzaji atakwambia gonga na nyundo. Usigonge. Zinazokubali ni za Mazda wenzake wa tundu tano, kama Atenza, na za Mitsubishi ambazo nazo ni 67.1.

Ilala nilizunguka maduka ya spea mpaka nikapata moja ya T125/90D16 iliyotoka kwenye Mitsubishi. Piga hesabu ileile: asilimia 90 ya 125 ni 112 na nusu, mara mbili 225, jumlisha 406, unapata 631. Milimita moja pungufu ya matairi yangu. Hili lina maana kubwa kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiweka nyuma tairi dogo upande mmoja, difu, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, inalazimika kufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na kama ni difu ya kubana, ile inayozuia tairi moja lisizunguke peke yake, unaitafuna. Ndiyo maana spea iliyo ndogo kuliko matairi mengine hufungwa mbele. Pancha ikiwa nyuma unahamisha gurudumu zima la mbele kwenda nyuma kwanza, na spea inakaa mbele. Kazi mara mbili kwenye jua, lakini ndiyo kazi yenyewe. Yangu, kwa kuwa inalingana, naifunga popote.

Kabla ya kulipa nilisoma namba nne za mwisho ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Spea nyingi za mtumba hazijawahi kugusa lami, kashata zinang'aa, muuzaji anakupa kama mpya, kumbe mpira una umri wa mtoto wa sekondari. Ubonyeze, ukunje kidogo, tazama nyufa karibu na rimu. Nilikataa mbili za namna hiyo kabla ya kuipata hii.

Halafu upepo wake. Spea nyembamba inataka PSI 60, imeandikwa ubavuni, wakati matairi mengine yanachukua chini ya nusu ya hapo. Kijana wa upepo pale Kimara alinitazama vizuri.

"Sitini? Bosi, hii si Fuso."

"Soma hapo."

Akasoma, akaita mwenzake naye asome, wakajaza huku wamesimama mbali na tairi kadiri mpira wa pampu ulivyoruhusu. Ubavuni humohumo imeandikwa pia mwendo: usizidi 80. Na si tairi la kumalizia safari. Ni la kukufikisha kwenye tairi lingine.

Nikisafiri peke yangu mambo yamekwisha hapo. Spea inakaa kwenye kiti cha abiria, imelazwa juu ya blanketi, mkanda wa kiti umepita kwenye tundu la katikati, na mkanda mwingine wa kukazia mizigo umezunguka kiti kizima. Hiyo ya pili si mbwembwe. Gurudumu lisilofungwa, ukipiga breki za ghafla kwa mbuzi wa Gairo, linakuja na wewe. Na pancha ikitokea, lile lililotobolewa linachukua kiti hichohicho, mabegi hayaguswi, paa unalifunga au kulifungua upendavyo. Roadster hii paa lake linakunjwa nyuma ya viti, mbali na buti, hivyo kufungua paa hakukupunguzii nafasi ya mzigo. Kuna wanaoshauri kuliweka gurudumu chafu juu ya paa lililokunjwa. Vyuma vya paa vile ni vyembamba na turubai lake ni ghali. Mimi siweki hata begi.

Tukiwa wawili ndipo inapokuwa hesabu nyingine. Nilianza na kufikiria keria, ile ya chuma inayofungwa juu ya kifuniko cha buti. Ipo, inauzwa, na kwenye picha inapendeza, gurudumu limevaa koti lake la turubai kama la Morgan. Kuna mambo matatu yasiyoonekana kwenye picha. Kifuniko kikibeba uzito hakisimami chenyewe ukifungua, kwa hiyo mmoja anashikilia huku mwingine anatoa mabegi, au unatembea na kijiti. Gurudumu linaziba taa ya breki ya juu na nusu ya kioo cha nyuma, na nyuma yako kuna basi. Tatu, usiku ukilala Iringa, unalala umeiacha spea nje.

Jibu nililolikubali nililipata kutokana na biashara ambayo kila Mtanzania anaijua. Mahindi yanatoka Njombe kwenda kwa mwanafunzi wa Mlimani kwa basi. Simu iliyosahauliwa Moshi inarudi Dar kwa basi. Mgonjwa wa Songea anapelekewa dawa kwa basi. Kwa nini gurudumu lisipande basi?

Nikatafuta rimu ya tano inayofanana na zangu, nikalivisha tairi kamili la 205/55, nikaliacha kwa mdogo wangu Mbezi, si mbali na stendi ya Magufuli. Gurudumu hilo halina haja ya kuwa jembamba kwa sababu buti la basi halijali. Kwenye gari nabeba jeki, wili spana, mfuko wa kamba za kuzibia, pampu na geji. Makubaliano na mdogo wangu ni mepesi: nikipiga simu na kusema "nirushie", anafunga tairi kwenye gunia la sandarusi, anaandika jina na namba yangu kwa kalamu nene pande zote mbili, anakwenda stendi, ananitumia namba ya gari na ya konda.

Tumelitumia. Tulikuwa tumeshapita Mikumi, zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi ambazo ukipata pancha unaomba iwe ya kuzibika, maana hakuna anayetamani kupiga magoti kando ya nyasi zile na jeki mkononi. Tulikuwa tunakaribia Ruaha Mbuyuni, mibuyu imeanza kusogea barabarani, lori mbele yetu likakwepa kitu na mimi nikakosa pa kukwepea. Kipande cha chuma. Tairi la nyuma kushoto, mchano wa urefu wa kidole, ubavuni. Nilisogea mpaka penye nafasi, mke wangu akashuka na pembetatu, nami nikavunja matawi nikayapanga nyuma hatua nyingi zaidi kuliko alivyoweka yeye, kwa sababu madereva wa njia ile wanaheshimu matawi kuliko pembetatu.

Kijana fundi pancha aliletwa na bodaboda kutoka senta. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mchano.

"Shikamoo mzee. Hili nikuzibie utafika Iringa?"

"Marahaba. Wewe ungefika nalo?"

Akacheka. "Kwa Kitonga hapana."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Kitonga unapanda na kona zake, lori limelala upande mmoja limechoka, jingine linashuka linanuka breki. Pale hutaki kiraka cha ubavu. Tulikubaliana tulijaze upepo kadiri litakavyoshika, tusogee kwa mwendo wa kutembea hadi senta, na tukafika rimu ikiwa nzima. Nikapiga simu Dar. Mdogo wangu aliwahi basi la mchana. Sisi tukachukua chumba, tukanunua vitunguu ambavyo hatukuvihitaji, kwa sababu Ruaha Mbuyuni huwezi kukaa saa zote hizo bila kuuziwa vitunguu, na mke wangu akamaliza kitabu alichokuwa anakibeba kila safari.

Usiku konda alishuka na gunia, akalibingirisha mpaka miguuni mwangu, akapokea nauli yake na kutazama gari. "Kumbe ndiyo hii," alisema. Bila shaka walilijadili njiani. Asubuhi fundi alifunga gurudumu kwa dakika chache, akalitia lile lililochanika kwenye gunia lilelile, na basi la kwanza linaloelekea Dar likalichukua. Mpaka tunaanza kupanda Kitonga, tairi bovu lilikuwa linarudi nyumbani, mabegi yetu yapo butini, abiria wangu yuko kwenye kiti chake, mapaja yake ni yake. Gharama za basi kwenda na kurudi zilikuwa ndogo kuliko chumba tulicholala.

Najua kasoro yake. Unapoteza muda, na mwenye mkutano Mbeya asubuhi hawezi kukaa Ruaha Mbuyuni anasubiri gunia. Na mpango huu unafuata mabasi. Njia kuu zenye mabasi tangu alfajiri, yaani Dar–Mbeya, Dar–Arusha, Dar–Dodoma, naiamini. Nikienda kusikopita mabasi mengi, au barabara ya vumbi ambayo gari lenyewe halina biashara nayo, spea nyembamba inapanda kwenye keria, kijiti cha kushikilia kifuniko kinaingia butini, na mabegi yanapunguzwa mpaka mtu anune.

Kwa mwenye gari la namna hii anayejiandaa na safari ndefu, naongeza la jeki na la nati. Jeki ya mkasi ya magari yetu ya kawaida, hata ikishushwa yote, mara nyingi haiingii chini ya gari hili tairi likiwa limelala kabisa. Natembea na kipande cha ubao chenye unene wa sentimita tatu; kabla ya kupiga jeki nalisogeza gari, gurudumu bovu lipande ubao, ndipo jeki inapata nafasi. Mahali pa kuiweka ni kwenye ule mshono wa chuma chini ya mlango, katikati ya yale mapengo mawili madogo, na ubao mwingine unakaa chini ya jeki ardhi ikiwa laini. Milango naifunga na paa naliacha lilivyo wakati gari liko juu, kwa kuwa gari lisilo na paa la chuma hujipinda kidogo likinyanyuliwa kona moja, na mlango uliokuwa unafunga vizuri unaweza kugoma.

Nati nazo, tazama kila gurudumu kabla hujaondoka nyumbani. Magari mengi ya Japani yaliyobadilishwa rimu yana nati moja ya usalama kwenye kila gurudumu, yenye umbo lake, inayofunguliwa kwa soketi yake peke yake, na soketi hiyo mara nyingi imebaki Japani. Yangu nilizing'oa zote nne kwa fundi aliyekuwa na soketi ya kubania, nikaweka nati za kawaida zinazofunguliwa kwa spana ya 21, ileile aliyonayo kila fundi pancha kuanzia Kibaha mpaka Tunduma.